Makiwa ya Mapema

Nafundisha Kiswahili, gredi ya nne, katika shule ya msingi iliyo karibu na uwanja wa Tononoka, na kila wiki ya mwisho ya muhula huwatoa watoto wangu nje. Mwalimu mkuu hapendi. Wazazi wengine pia hawapendi. Wanasema mwalimu huyu, badala ya kuwadurusisha watoto wa watu, anazurura nao mabarabarani. Waache waseme. Mtoto anayeandika "shikamoo" bila kosa kisha akampita nyanya yake barazani kimya, kana kwamba hakuona mtu, huyo kwangu mimi hajajifunza kitu, hata akipata alama zote.

Utaratibu wangu ni huu. Muhula ukielekea kwisha tunakaa kitako, tunaulizana: tumejifunza nini? Wanataja, mimi naandika ubaoni. Halafu tunachagua yale yasiyokuwa na maana mpaka yasemwe mbele ya mtu, tunayapeleka kwa mtu mwenyewe. Muhula ninaousimulia tulikuwa tumesoma maneno ya nyakati: aliyejifungua huambiwa nini, msafiri huambiwa nini, mgonjwa, aliyefiwa. Kitabu kimeyapanga katika jedwali, neno upande huu na jibu lake upande ule, watoto wanayakariri huku wakiyumbayumba. Mimi nililelewa Mji wa Kale na nyanya aliyekuwa akimrudisha mtu mlangoni aingie upya ikiwa hakuamkia sawasawa. Jedwali hunitia hasira.

Kwa hivyo muhula mzima niliwapigia kelele juu ya jambo moja ambalo halimo kitabuni. "Macho kabla ya mdomo," nikiwaambia. "Ukifika mlangoni pa watu, simama utazame. Viatu ni vingi au vichache? Waume wamekaa wapi, wake wamekaa wapi? Usiulize. Nyumba yenyewe itakwambia useme nini." Tulifanya mazoezi darasani kwa madawati na viatu vyao wenyewe, wakacheka sana, wakashika. Nilikuwa nikijivunia somo hilo.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana wa mtaa wa Buxton, mtoto wa pekee wa mamake. Mama huyo alikuwa mtu wa bara, Mkristo, aliyeletwa Mombasa na kazi ya afisini kule bandarini, akakaa hadi Kiswahili chake kikalainika. Baba wa mtoto alishaondoka kitambo na hakutajwa. Mwanzoni mwa muhula mama alikuja shuleni, akaniomba nitoke nje ya darasa kidogo. Nilimjua mwaka uliotangulia akiwa mnene, mcheshi, mtu wa kuchelewesha mikutano ya wazazi kwa mizaha. Sasa gauni lilikuwa likimning'inia na weupe wa macho yake umegeuka rangi ya manjano. Aliniambia ana kansa ya ini, na kwamba madaktari wamemwambia aende nyumbani akapumzike.

"Unajua maana ya daktari kukwambia ukapumzike, mwalimu?"

Nikamwambia najua.

"Basi wewe unajua. Mtoto hajui. Kakangu amesema asiambiwe, masomo yatavurugika. Shule ikifungwa atampeleka kwa mama yetu bara, akae huko. Mambo yakitokea, yatokee yeye akiwa mbali."

"Na wewe wasemaje?"

Akatazama watoto waliokuwa wakikimbizana uwanjani. "Mimi kila nikiamka nasema leo nitamwambia. Halafu ananiletea uji."

Hilo ndilo lililokuwa kati yetu muhula mzima. Ama mtoto apakiwe kwenye basi akidhani anakwenda likizo, kisha aletewe habari ya mamake kwa simu ya mtu mwingine, ama aambiwe, akae naye siku zilizobaki. Haikuwa juu yangu kuamua. Niliombwa ninyamaze, nikanyamaza. Lakini nilinyamaza na hasira, na mimi nikiwa na hasira huunguza wali na kusahihisha madaftari kwa ukali, basi nyumbani na darasani wote walinijua.

Hasira zangu zilikuwa juu ya yule kaka. Alikuwa mtu mwema, sikatai. Aliacha shughuli zake bara, akahamia pale Buxton, akawa analala sebuleni. Alimbeba dadake kumpeleka msalani, alimpikia, alimfulia. Lakini aliamini kwamba jambo lisipotajwa halipo, na imani hiyo aliilinda kwa nguvu zote. Kila mgeni alipokewa na yeye mlangoni kwa onyo la kunong'ona, kisha akiingia anasema kwa sauti, "Dada anaendelea vizuri, atapona tu." Buxton nzima ilijua. Muuza mboga alijua, mlinzi wa geti alijua, walimu wenzangu walijua wakawa wanamtazama mtoto kwa huruma hata wanapomrudi. Hakuna mtu mzima katika maisha ya msichana yule aliyekuwa hajui ila yeye.

Naye alikuwa akija shuleni amechelewa, mikono inanuka dawa ya kusafishia, shati limepigwa pasi na yeye mwenyewe vibaya. Nikimuuliza mama yu hali gani, husema, "Jana alikula ndizi nzima." Husema hivyo kwa furaha, nami nikampongeza kwa ile ndizi.

Katikati ya muhula tukafika kwenye methali. Sikuzichagua mimi, zilikuwa kitabuni, na mojawapo ni ile isemayo mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitaka kuiruka. Kiongozi wa darasa, msichana wa Mji wa Kale mwenye macho ya kuona kila kitu, akaninyooshea mkono.

"Mwalimu, umeruka moja."

Nikauliza nani ataieleza. Msichana wa Buxton akasimama upesi kabla ya wengine. Akasema mfano wake ni mamake, ambaye alikuwa akificha maumivu na kusema ni gesi tu, mpaka siku moja akaanguka kazini. "Lakini sasa hafichi tena," akasema. "Anameza dawa, kwa hivyo kifo hakitamuumbua." Darasa likampigia makofi. Mimi nikageukia ubao nikaanza kufuta, na wao walikuwa hawajamaliza kunakili, wakalalamika.

Ikaja wiki ya mwisho. Tukakaa, tukaulizana tumejifunza nini, ubao ukajaa. Kwa maamkizi walichagua Biashara Street, kwa sababu kule mtu huamkia mlango hadi mlango. Kwa pongezi walichagua mke wa mlinzi wetu, aliyekuwa amejifungua. Nilipofika kwenye neno la mgonjwa nikauliza ni nani ana mgonjwa nyumbani ambaye hatachoshwa na wageni, nikiomba moyoni wataje nyanya mwenye maumivu ya miguu au jirani mwenye malaria. Msichana wa Buxton akasema twende kwao.

"Mamangu anapenda watu," akasema. "Na maneno yote anayajua. Jioni mimi humsomea neno, yeye hunipa jibu. Hakosi hata moja."

"Hata ya msiba?" kiongozi akamuuliza.

"Hata ya msiba. Yote."

Mchana ule ule nikaenda Buxton kumuuliza mama. Nilimkuta chumba cha nyuma, joto limejaa, amelala chali na kitambaa kibichi kwenye paji. Nilitaraji akatae, na nilikuwa tayari kushukuru. Akasema, "Waje. Hapa watu wananong'ona tu. Nataka kusikia kelele za watu." Kaka yake alinisindikiza hadi nje, akaniambia hataki, lakini kama dada ameamua basi iwe maneno ya kutia moyo peke yake. Nikamwahidi. Watasema "ugua pole", watampa machungwa, watarudi shuleni. Hapakuwa na pa kwenda kombo.

Biashara Street ilituendea vizuri. Kuna mzee mmoja wa Kihindi, muuza leso, aliyezaliwa juu ya duka lake. Watoto walipomwambia "sabalkheri" aliwajibu, akawauliza habari za wazee wao, akawauliza habari za nyumbani, akawauliza habari za masomo, akarudi tena kwa wazee, hadi wakaishiwa na majibu wakabaki kunitazama. Jedwali lilikuwa na mistari miwili tu. Nilicheka njia nzima ya kurudi. Ndiyo mara ya mwisho niliyocheka wiki ile, nami naikumbuka kwa sababu hiyo.

Siku iliyofuata, asubuhi, tukaenda Buxton kwa miguu. Si mbali na shule. Nilikuwa na mfuko wa machungwa, na nyuma yangu kulikuwa na wazembe wanaosimama kila kibanda, basi nikawaruhusu walio mbele watangulie wakiwa na kiongozi, maana msichana wetu alikuwa nao na ndiye anayeijua njia. Nikawaambia wanisubiri mlangoni. Hawakunisubiri. Walifika, wakasimama, wakatazama, kama nilivyowafundisha.

Waliona hivi. Makochi yote ya sebuleni yalikuwa nje, yamepangwa ukutani kwenye kivuli. Juu ya makochi wamekaa wanaume watatu kimya, mmoja akiwa yule kaka, mjomba wa mtoto, wameinamisha vichwa. Mlangoni kumejaa viatu vya kike. Ndani, kupitia pazia lililofungwa fundo, wanawake wameketi chini juu ya mkeka, leso vichwani, wanaimba kitu kwa sauti ya chini.

Kwa mtu wa bara, hayo hayakuwa na maana yoyote mbaya. Chumba cha nyuma kilikuwa na joto, kwa hivyo asubuhi ile, mtoto akiwa ameshatoka, mjomba alileta kitanda cha mgonjwa sebuleni apate upepo, na kitanda kilipoingia makochi yakakosa nafasi. Wanawake walikuwa wa jumuiya yao ya kanisani, walikuja kuomba na mgonjwa. Wanaume walisogea nje ili wanawake wakae. Lakini mtoto wa Mji wa Kale, au wa Majengo, au mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kupelekwa matangani, akiona viti vimetolewa nje na mikeka imetandikwa ndani, hana haja ya kuambiwa. Kwetu nyumba haitolewi viti ila kumeondoka mtu.

Msichana wa Buxton alikuwa mbele yao na yeye hakuona msiba. Aliona makochi yao nje akashangaa tu ni nani aliyeyatoa.

Nilikuwa bado kwenye kona nilipowasikia. Kiongozi alikuwa amewapanga, amewafanya ishara, nao wakainamisha vichwa na kuweka mkono kifuani, wakasema neno moja kwa pamoja, polepole, kwa adabu zote nilizowafundisha.

"Makiwa."

Ndilo neno la kumwambia aliyefiwa. Jibu lake kitabuni ni "yamepita". Wimbo ndani ukakatika. Wale wanaume wakainua vichwa. Msichana wa Buxton akageuka akawatazama wenzake mmoja mmoja, na naamini alikuwa akitafuta ni nani kati yao anayefanya mzaha, maana neno lile alilijua vizuri na alijua linaambiwa nani. Hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa ameanza kulia.

Na kabla ya mtu mzima yeyote kupata la kusema, sauti ya mamake ikatoka ndani, kavu lakini ya kusikika, ya mtu aliyezoea kila jioni kusomewa neno na kutoa jibu.

"Bado, wanangu. Hayajafika."

Nilipofika mlangoni mtoto alikuwa ameshaingia na viatu vyake miguuni, amekanyaga mkeka, amekanyaga leso za watu. Nilimwona amesimama kando ya kitanda, ameushika mguu wa mamake juu ya shuka. Mwanamke mmoja alikuwa akikemea pepo kwa sauti. Mjomba aliinuka akanijia.

"Mwalimu, hii ni nini sasa? Umeleta watoto kumzika mtu akiwa hai?"

Kiongozi wangu ndiye aliyejibu, na akiogopa huongea kama nyanya yake wa Mji wa Kale, nje ikawa nde.

"Sisi tumetazama, mwalimu. Viti vi nde, waume wa nde, wake wa mkekani. Wewe ulisema tusiulize."

Nikamwambia ndiyo, nilisema. Nikamweka nyuma yangu ili mjomba asimfikie hata kwa macho.

Ndani, mtoto alikuwa akizungumza. Hakupandisha sauti.

"Wamesema makiwa."

"Nimesikia," mamake akasema.

"Mbona umesema bado?"

Wanawake wakaangaliana. Mjomba akauacha ugomvi wake nami akaingia mbio, akasema, "Mama anatania, unamjua mama na utani wake." Akajaribu kumshika mtoto bega amtoe nje akanywe soda. Mama akainua mkono kutoka kwenye shuka, mkono uliobaki mifupa, akamzuia.

"Kaka, muache. Tumechoka sote." Akamwambia mtoto, "Vua viatu. Njoo ukae hapa."

Mtoto akavua viatu, akavipanga chini ya kitanda, akapanda akakaa. Mwanamke mmoja akaanza tena wimbo, nadhani kwa wema, ili kuyafunika yatakayosemwa. Mama akamwomba anyamaze. Sisi tulikuwa tumesongamana mlangoni, mimi, mjomba, na watoto wa watu ambao sikuweza kuwaondoa kwa kuwa miguu yangu mwenyewe haikuondoka.

"Hii kansa haiponi," akamwambia. "Dawa ninazomeza ni za maumivu tu. Nilitaka kukwambia siku nyingi, nikashindwa. Nitakufa."

Alisema hivyo tu, bila kutumia neno lolote la kupamba. Mimi ambaye nimefundisha maneno ya kupamba miaka yangu yote nilimshukuru. Mtoto alikaa akitazama mkono wa mamake. Alikuwa akivifungua vidole vya mkono huo na kuvifunga.

"Lini?"

"Sijui. Daktari anafikiri kabla ya shule kufunguliwa."

Mtoto akafikiri. Niliona akifikiri, ilikuwa sura ile ile ya hesabu za kugawanya. Kisha akageuza kichwa akanitafuta pale mlangoni, na mfuko wangu wa machungwa.

"Mwalimu," akasema, "kwani ni lazima tufunge?"

Mjomba aliyekuwa amesimama karibu nami akatoka nje. Nilimsikia akilia kule kwenye makochi, kilio cha mtu aliyekizuia muda mrefu hata hajui tena jinsi ya kulia. Hasira zangu juu yake zilikwisha hapo hapo. Mtoto alikuwa bado ananisubiri. Nikamwambia ndiyo, ni lazima. Tunafunga Ijumaa.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye vidole vya mamake.

Mama ndiye aliyetukumbusha tulichofuata. "Haya, mimi ni mgonjwa bado," akasema. "Langu sijaambiwa." Watoto wakaingia, wakajipanga juu ya mkeka miongoni mwa wale wanawake, wakasema "ugua pole" ovyo ovyo, huyu akimtangulia yule, wengine makamasi yanawatoka. Hawakupata hata mara moja kulisema vibaya hivyo darasani. Hakutoa jibu la kitabuni. Alisema, "Ahsanteni, wanangu," akafumba macho, na mwanamke mmoja akatuonyesha kwa mkono kwamba yatosha.

Tulirudi shuleni. Mwalimu mkuu alishapata habari kabla hatujafika getini, akaniita, akasema aliyoyasema. Mengine yalikuwa haki yake. Kiongozi wangu hakula chakula cha mchana. Alinifuata chini ya ngazi, akaniuliza, "Mwalimu, n'mewachuria?" Kuchuria ni kuita balaa kwa mdomo, na nyumba nyingi za kwetu mtoto hupigwa kwa hilo. Nikamwambia ugonjwa ule ulikuwapo kabla yeye hajajua kusoma, na kwamba hakukosea. Aliona alichokiona. Hakuniamini, na sijui kama mpaka leo ameniamini, maana tangu siku ile akifika mlangoni kwa watu huuliza kwanza, kwa sauti ndogo, na mimi siwezi tena kumwambia asiulize.

Siku ya kufunga, msichana wa Buxton alikuja. Nilidhani hatakuja. Alichukua ripoti yake, akapiga foleni pamoja na wenzake, akafagia sehemu yake ya darasa. Nikamuuliza kama Jumamosi anasafiri.

"Siendi," akasema. "Mama amemwambia mjomba kwamba mimi sasa najua, siendi popote."

"Na mjomba?"

"Amesema sawa."

Likizo nilipita Buxton mara kadhaa. Makochi hayakurudishwa ndani. Mjomba alinipokea vizuri, akanikalisha nje, hakuniletea onyo lolote la kunong'ona. Nilimsikia mtoto ndani akiuliza maswali: ufunguo wa kabati u wapi, nguo hizi apewe nani, yule baba alikuwa mtu gani. Mara nyingine nilimsikia akilia, mara nyingine akigomba. Siku moja aligombana na mamake vikali kwa sababu mama alikataa kula, akatoka akanipita pale barazani bila kuniamkia. Sikumrudisha mlangoni.

Mama alifariki asubuhi moja kabla ya shule kufunguliwa, kama daktari alivyodhani. Watu wa bara huwarudisha wafu wao kwao, basi baada ya siku chache basi la kukodi lilikuja kuchukua jeneza na jamaa. Nilikwenda kuwaaga. Kiongozi wangu alikuja na nyanya yake, wakasimama mbali kidogo, nyanya amemshika mkono. Mjomba alikuwa juu akifunga mizigo, akanipungia. Msichana alikuwa ameshakaa dirishani, sweta ya shule mwilini kwa ajili ya baridi ya huko aendako. Aliponiona alivuta kioo.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na sikutamka hata moja ya niliyoyaandaa, maana alitangulia yeye. Alikuwa na la kuniambia na alitaka kulimaliza kabla basi halijawashwa.

"Asubuhi ile mjomba alikuwa ametoka kutafuta tuktuk tumpeleke mama hospitali," akasema. "Nilikuwa peke yangu naye. Akaomba maji. Nikampa kwa kijiko, mwalimu. Cha kwanza alimeza. Cha pili kikamtoka hapa."

Akanionyesha mahali kwenye kidevu chake mwenyewe, na kwa kidole gumba akanionyesha jinsi alivyompangusa.